Malaria ngapi? Mzee wetu alikuwa anauliza malaria nani

Kama umewahi kupima malaria huku kwetu lazima umelisikia hili swali kwenye benchi la kusubiria majibu, au umeliuliza mwenyewe. Nina malaria ngapi? Mtu anachukua karatasi yake pale dirishani, hata ngazi hajashuka, ashapiga simu nyumbani, nimekutwa nazo mbili, na wa pembeni yake anacheka, mbili tu, mimi juzi nilikuwa nazo nne na kazini nilienda. Imeshakuwa kama magoli.

Mimi nafanya kazi maabara mwaka wa kumi na kitu sasa na hilo swali nimelijibu mpaka nimechoka. Asili yake ni zile plasi, alama za +, tulizokuwa tunaandika. Ukichungulia kwenye maikroskopu lile duara unaloliona tunaliita uwanja, unasogeza slaidi unahesabu uwanja baada ya uwanja. Ukikuta mdudu 1 mpaka 10 kwenye viwanja 100 ni plasi moja, 11 mpaka 100 kwenye viwanja hivyohivyo 100 ni plasi mbili, wakiwa 1 mpaka 10 kwenye kila uwanja ni tatu, na zaidi ya 10 kwenye kila uwanja ni nne. Kwa hiyo yule wa nne hajamzidi wa mbili kwa mbili, anaweza kuwa amemzidi mara mia, na kwenda kwake kazini ilikuwa bahati tu wala siyo ubabe. Siku hizi tunahesabu wadudu pembeni ya seli nyeupe 200 halafu unazidisha kwa 40 unapata idadi kwenye maikrolita moja ya damu, inasaidia zaidi, ila watu bado wanataka namba ndogo ya kusimulia.

Sasa miaka yote hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kuniuliza ni wadudu GANI. Na wengine waliovaa makoti meupe nao hawaulizi, hilo nitalirudia.

Mtu wa kwanza kuniuliza alikuwa mzee wetu wa maabara, kituo kimoja cha afya mkoa wa Tanga, jina nalihifadhi, huko mashamba ya mkonge yanapokutana na machungwa. Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Huyu mzee alikuwa amebakiza kama miaka mitatu astaafu, miwani yake imefungwa na uzi, na ukimwita aje aangalie slaidi anainama, anakaa kimya, halafu anakusogezea kiti, "Haya mwanangu, huyu nani?" Hivyohivyo, nani, kama anauliza mgeni aliyepiga hodi. Ukimjibu ni mps, yaani vimelea vya malaria tu, anasema, "Nimekuuliza jina, sikukuuliza kabila."

Shuleni tulifundishwa wote vizuri tu. Falciparum, malariae, ovale, vivax, na huyu wa tano knowlesi ambaye ni wa nyani wa kule Malaysia na jirani zake. Tatizo ni kwamba ukifika kazini unakuta zaidi ya asilimia 90 ya malaria yetu ni falciparum, siku inapita wiki inapita unaona falciparum tu, mkono unazoea kuandika falciparum kabla jicho halijamaliza kuangalia. Tulikuwa na muhuri kabisa. Nasema kweli, muhuri wa mpira umeshaandikwa P. falciparum, wewe kazi yako kugonga.

Na falciparum kweli ni rahisi kumjua ukiwa na slaidi nzuri. Pete ndogo nyembamba, yaani uzi wa buluu na kadoti kekundu, mara nyingine dots mbili mpaka anafanana na hedifoni, mara nyingine amejibandika ukingoni mwa seli kama kupe, mara nyingine pete mbili tatu kwenye seli moja. Seli yenyewe haikui, inabaki saizi yake. Na unaona pete tu, hao wakubwa huwaoni, kwa sababu falciparum akishamaliza nusu ya masaa yake 48 ya kukua anaifanya seli inase kwenye kuta za mishipa midogo huko ndani, kwenye ubongo, kwenye kondo la nyuma, huko ndiko anakomalizia ukuaji. Kwenye kidole unakuta watoto na zile ndizi, yaani gametosaiti, wadudu wenye umbo la ndizi. Ndiyo maana mzee alitufundisha kwamba ukiona skizonti za falciparum, yaani wale wakubwa waliojaa vitoto ndani, kwenye damu ya kidole usimalize hata kuhesabu, inuka kamwambie daktari kwa mdomo, karatasi itafuata, maana huyo mgonjwa huko ndani hali ni mbaya kuliko unavyoona.

Ilikuwa mwezi wa sita, masika yameisha, foleni imetoka nje mpaka kwenye mwembe. Akaja mama mmoja na mtoto wa kiume kama miaka nane hivi, mwembamba, macho yamemtoka. Mama akaanza kunielezea pale dirishani, nakumbuka maneno yake kwa sababu baadaye yalinirudia sana. "Dada, huyu leo ana homa, kesho haumwi, kesho kutwa haumwi yupo kwenye mpira, mtondo analala tena. Mwezi wa pili huu." Nikamwambia mama kaa kwenye benchi, majibu yakiwa tayari utaitwa. Nilikuwa sina hata muda wa kumuangalia usoni.

Ameshapita zahanati mara tatu, kipimo cha haraka kinatoka hasi, amepewa dawa za yutiai, amepewa za taifodi (si unajua mtoto akikosekana na malaria lazima apewe taifodi), homa inarudi tu. Kwetu daktari akaandika BS, yaani slaidi ya damu. Nikamchoma kidole, nikatengeneza slaidi, nikaitia rangi, nikachungulia, hakuna. Nikaandika hakuna vimelea vilivyoonekana, nikasaini, nikaita namba inayofuata.

Siku tatu baadaye wakarudi. Hesabu mwenyewe ni siku gani hiyo. Mtoto anatetemeka, amejifunika khanga mbili jua la saa sita.

Safari hii mzee ndiye alikuwa dirishani. Mama akarudia maneno yaleyale, leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, na mzee akaacha kuandika. Akamuuliza, "Mtondo? Siyo kesho kutwa?" Mama akasema mtondo, mimi ndiye ninayelala naye. Mzee akageuka akaniangalia juu ya miwani, hajasema kitu.

Hii ngoja niieleze maana Kiswahili hapa kimetupendelea. Homa ya malaria inakuja pale wadudu wanapopasua seli nyekundu kwa pamoja. Vivax na ovale wanachukua masaa 48, kwa hiyo homa ya leo inarudi kesho kutwa. Malariae anachukua masaa 72, homa ya leo inarudi mtondo. Knowlesi ni masaa 24, huyo ni wa kesho. Falciparum naye kwenye vitabu ni kesho kutwa ila kwa kweli hana ratiba, anapiga homa ovyo kila siku. Na hata hao wengine mwanzoni homa inakuwa haijajipanga, inachukua muda mpaka wadudu wote waende pamoja, kwa hiyo mtu akikwambia mtondo kwa mwezi wa pili hiyo ni habari kubwa. Watu wa Ulaya walijisumbua na Kilatini kuyapa majina haya mambo, sisi tuna neno moja la bibi zetu.

Mzee akasema tunaanza upya. Kwanza akauliza slaidi ile ya kwanza nilitia rangi kwa maji gani. Kwa maji ya bomba. Hakupiga kelele, akatoa vile vidonge vya bafa vya kusawazisha asidi ya maji kabatini akavuruga kimoja, akapima na karatasi, pH 7.2. Rangi ya Giemsa ina mambo yake, maji yakiwa na asidi kila kitu kinakuwa chekundu-pinki, yakizidi upande wa pili kila kitu kinakuwa buluu, na hapo katikati 7.2 ndipo kiini cha mdudu kinakuwa chekundu na mwili wake buluu na zile alama za kwenye seli zinatokeza. Kituo chetu siku za foleni tulikuwa tunatumia rangi nyingine ya Field, unachovya huku sekunde chache unachovya kule, dakika haijaisha una slaidi, inafaa kwa kusema wapo au hawapo, ila kwa kuuliza nani ni kujidanganya.

Halafu akanisimamia kwenye slaidi kama mwanafunzi. Kidole cha pete, mkono wa kushoto, tone la kwanza futa. Tone nene upande mmoja, lizungushe liwe kama senti, likikauka uweke juu ya gazeti uone herufi kwa shida. Tone jembamba upande wa pili, vuta na slaidi nyingine mara moja bila kusita, liwe kama ulimi, na kule mwisho kwenye mkia seli zikae mojamoja. Lile nene usilipitishe kwenye methanoli hata kwa bahati mbaya, seli nyekundu zinatakiwa zipasuke kwenye maji ya rangi zibaki wadudu na seli nyeupe tu, ndiyo maana unapata damu nyingi sehemu ndogo. Lile jembamba lenyewe lazima lichovywe methanoli, ili seli zibaki nzima uone mdudu amekaa kwenye nyumba ya aina gani. Kwa kifupi nene linakujibu wapo au hawapo, jembamba linakujibu nani. Mimi nilikuwa natengeneza yote mawili kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, halafu naangalia nene peke yake. Kaushia kivulini, na funika, maana pale kwetu nzi walikuwa wanalamba tone nene unakuta limebaki pete ya damu, mzee alikuwa anasema hao ndio wateja wetu wasiolipa.

Giemsa asilimia 3, dakika 45. Na foleni ile! Watu wanagonga dirisha. Mzee akatoka nje akawaambia mashine inapasha moto.

Umeme nao ukakatika, tukageuza kioo dirishani. Tone la mafuta, lensi ya mia, nikaanza. Uwanja wa kumi hakuna. Wa ishirini nikapaza sauti nimepata, mzee akaja, "Huyu nani?" nikakaa kimya, akasema chembe sahani, zile za kugandisha damu. Na kweli, chembe sahani ikikaa juu ya seli inakudanganya vizuri sana, zambarau ya kufifia, ila haina uwazi katikati kama pete, na ukichezesha fokasi unaona imekaa juu, haiko ndani. Wa hamsini hakuna. Mimi kwa kawaida ya siku za foleni hapo ndipo nilikuwa naacha. Hapo ndipo nilipoacha ile mara ya kwanza. Viwanja mia ndiyo kiwango cha chini kabla hujasema hakuna, na kila mwanafunzi analijua hilo, na kila mtu mwenye foleni ya watu sitini anajua anavyolifanya.

Wa sitini na kitu nikamuona. Mmoja. Mdogo, mnene, wa duara, siyo pete kabisa, ana vumbi la kahawia nyeusi mwilini kama amepakwa masizi. Sijamwita mzee, nikahamia tone jembamba kwenye mkia, na hapo nikakaa karibu nusu saa kwa sababu kama kwenye nene wako wa kutafuta basi kwenye jembamba ni sindano kwenye majani. Ila nilipompata nilimjua kabla sijafikiri. Seli saizi ya kawaida, labda imesinyaa kidogo, na ndani yake mdudu amejinyoosha kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule kama mkanda kiunoni. Nilikuwa nimeuona kwenye picha za kitabu tu. Mbele kidogo skizonti, vitoto vinane vimepangwa kuzunguka lile vumbi katikati, kama ua, ua kabisa na petali zake.

Mzee akainama. "Huyu nani?"

Nikasema malariae.

Akasema, "Sasa katoe slaidi ya juzi." Slaidi za hasi tulikuwa tunazitunza kwenye boksi kwa ajili ya ukaguzi. Nikaitoa, nikaipaka mafuta, nikaanza upya uwanja wa kwanza, na yeye amekaa pembeni anakula chungwa. Rangi mbaya imekwiva wekundu. Nikafika mia. Nikafika mia na thelathini na kitu, yuko pale, na mwingine kule karibu na ukingo. Walikuwepo siku zote. Jina langu liko kwenye karatasi kwamba hawapo.

Kipimo cha haraka nacho hakikukosea kwa uzembe, hakikutengenezwa kumuona. Vile tulivyokuwa navyo vinatafuta protini ya falciparum peke yake. Vipo vyenye mstari wa pili wa malaria zote, lakini wadudu wakiwa wachache mstari huo haushiki, na malariae ni mchache siku zote, anapenda seli nyekundu zilizozeeka tu, ndiyo maana hajai. Ila anakaa. Mtu anaweza kuishi naye miaka, hata makumi ya miaka, na kwa watoto anaweza kuharibu figo. Mzee akaagiza mkojo wa mtoto, nikachovya kijiti, protini alama tu, siyo ya kutisha, nikashusha pumzi.

Sasa yule wa koti jeupe. Nilipeleka majibu nimeandika kwa mkono, P. malariae, kwa herufi kubwa, na kwa kujisikia kidogo nisikatae, mganga wa zamu akaisoma akaniambia, "Dada, si mseto ni uleule?" Na alikuwa sahihi, mtoto alipewa ALu, dawa mseto ileile anayopewa kila mtu. Nilitoka nimenywea. Mzee akaniambia dawa ni ileile ila juzi hakupewa, alipewa ya taifodi.

Na siyo kila mara ni mseto tu ukaisha. Ovale, ambaye nimemkuta mara chache, seli imevutika kidogo kama yai na ncha zimechanika kama khanga iliyotoka nyuzi, madoa mekundu yamejaa, huyu anaacha wenzake wamelala kwenye ini, mseto hauwafikii, mtu anapona anasahau miezi inapita anaumwa tena bila kung'atwa na mbu yeyote. Wale wa kwenye ini wanataka primakwini siku kumi na nne, na kabla hujaitoa unapima kimeng'enya cha G6PD maana wenye upungufu wake damu yao inavunjika. Sasa ukigonga muhuri wa falciparum nani atayawaza hayo? Vivax ni hivyohivyo, seli imevimba na mdudu amekaa hovyohovyo kama maji yaliyomwagika, ila huyo mimi nimemuona kwenye slaidi za mtihani wa umahiri tu, wengi wetu Waafrika seli zetu nyekundu hazina mlango wake wa kuingilia, unaoitwa Duffy, ukitaka kumuona nenda Ethiopia au Madagaska.

Ndizi nazo zinaleta kesi mpaka leo. Mtu kamaliza dozi, wiki mbili anarudi anataka kujihakikishia, maabara inamkuta na gametosaiti za falciparum, inaandikwa BS pozitivu bila maelezo, anapewa dozi nyingine, halafu nyingine. Zile ndizi hazimuumizi yeye, zinamsubiri mbu, na zinaweza kubaki wiki kadhaa baada ya pete zote kufa. Andika ndizi tu, pete hakuna! Neno moja hilo linaokoa mfuko wa mtu.

Halafu nakumbuka yule Laveran, daktari Mfaransa, mwaka 1880 kule Constantine, Algeria, alimuona mdudu kwenye damu mbichi bila rangi yoyote, hakuna Giemsa, hakuna bafa, tarehe 6 mwezi wa 11, alichoona ni vimikia vinachapa huku na huku. Sisi tuna kila kitu na tunaacha kwenye uwanja wa hamsini.

Ule muhuri niliutupa kwenye shimo la choo cha wafanyakazi, na bohari waliniuliza nikasema sijui.

Yule mama alirudi baada ya kama mwezi na nusu, mtoto hayupo, yuko shule, amebeba machungwa kwenye mfuko wa salfeti. Akayaweka dirishani akauliza lile swali. "Hivi dada, alikuwa na malaria ngapi?"

Nikamwambia mama walikuwa wachache sana, tuliwatafuta nusu saa.

Akasema wachache ndiyo wamemlaza hivyo? Basi nikatoka nje nikakaa naye kwenye benchi, nikaanza kumweleza kwamba wako wa aina nyingi, na huyu wa mwanao ana siku zake, leo homa, kesho hakuna, kesho kutwa hakuna, na kabla sijamaliza akanikatisha.

"Mtondo," akasema. "Si ndiyo nilikwambia?"